Kiapo cha Bi Mize na safari yangu ya Ulaya

Tangu nirudi, walimu wenzangu wa Chake wamekuwa wakiniuliza ilikuwaje mtu wa Mtambile akafika Ulaya amevaa koti la blanketi. Kila mara nawajibu kipande, na kengele hugonga kabla sijamaliza. Sasa nimeona niandike yote mara moja, tuyasome barazani siku ya mapumziko. Habari za fomu na tiketi nitaziruka, maana hazina utamu. Karatasi moja tu sitairuka, kwa kuwa bila hiyo hakuna safari ya kusimulia.

Mtambile hadi Chokocho, kwa miguu

Nilipochaguliwa kwenda kusomea ualimu Ulaya kwa mwaka mmoja, nilikuwa na kila kitu isipokuwa cheti cha kuzaliwa. Marehemu baba hakuniandikisha. Afisa wa pasi wa Unguja akaandika kwamba anataka kiapo cha watu wawili waliokuwepo siku niliyozaliwa, kiapwe mbele ya Mudiri wa Chake, mtawala wa wilaya, na kimfikie kabla ya mwezi kwisha. Mama alikuwepo, hilo halina shaka. Wengine wote walikwisha kutangulia mbele ya haki, akabaki mmoja, mkunga aliyenipokea, Bi Mize wa Chokocho.

Nilipomtaja, mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. Alisema kama nina haja na Bi Mize niende mwenyewe, yeye hana njia ya Chokocho. Nilijua kwamba hawasemezani. Nyumbani tulilijua jambo hilo kama tunavyojua kwamba mlango wa uani unalia, na hakuna aliyeuliza sababu. Mama alihama Chokocho nikiwa mchanga, akaja kukaa kwa kaka yake Mtambile, na tangu hapo hakurudi kule hata harusini.

Basi nikaenda. Njia ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya alfajiri, vipande tu, vyenye mwanga mwingi. Karafuu zilikuwa zimeanza kuiva, na hewa chini ya mikarafuu ilikuwa nzito kwa harufu mpaka nikahisi naiogelea. Watu walikuwa juu ya miti, siwaoni, nasikia sauti zao tu. Mmoja aliniuliza kutoka huko juu mie ni mtoto wa nani na nakwenda wapi. Nikamjibu nikiwa nimeangalia majani. Akanitakia safari njema, nikaendelea, na mpaka leo sijui alikuwa nani.

Bi Mize nilimkuta kibarazani kwake anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, macho yake yamefifia kidogo. Nilimwamkia. Kabla sijajitaja alinivuta karibu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa nyuma ya sikio kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Kisha akaniita jina langu, Rukia.

Nilimweleza haja yangu yote. Aliuliza jambo moja tu, kama mama ndiye aliyenituma. Nikasema hapana, nimekuja mwenyewe. Akaulaza ukili mapajani pake.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nikiulizwa n'tasema lilivyokuwa. Kuapa uongo siwezi, hata kwako wewe."

Sikufahamu alichokusudia. Nilidhani ni maneno ya mtu mcha Mungu. Akanipakulia muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma, akanitazama nikila kwa namna ambayo hakuna mtu amewahi kunitazama nikila, kana kwamba kila tonge lilikuwa lake.

Asubuhi yake jirani alituazima punda. Bi Mize alipanda, mimi nikatembea. Punda yule alisimama kwenye kila kivuli, na Bi Mize hakukubali apigwe. Alisema mnyama naye ana haki ya kupumua. Ikawa safari ya asubuhi moja imetuchukua mpaka alasiri. Tulipofika, mama alitoka mlangoni. Bi Mize akatoa salamu, mama akaitika, kwa kuwa kuitika salamu ni wajibu. Hakuongeza neno jengine.

Chake Chake, juu ya magunia

Msimu wa karafuu ukianza, Pemba yote hakuna gari la mtu, magari yote ni ya karafuu. Tulisimama barabarani tangu asubuhi, na aliyetuchukua alikuwa dereva wa lori lililosheheni magunia. Tukapandishwa juu. Mama alikaa upande mmoja, Bi Mize upande wa pili, gunia moja katikati yao, na mimi nikakaa nyuma yao. Lori lilikuwa likienda polepole, jua linapita katikati ya minazi, likitugusa na kutuachia. Ile harufu ilinilevya nikasinzia. Kila nikizindukana niliwaona wale wanawake wawili vilevile, wamegeuziana mabega, vichwa vyao vikitikisika pamoja kila lori linapoingia shimoni.

Karani wa Mudiri alikuwa kijana nadhifu wa mjini Unguja, hajamaliza hata mwezi Pemba. Alimuuliza Bi Mize nilizaliwa wapi.

"Kavyawa Chokocho," Bi Mize akajibu. "N'kampokea mie."

Karani akauliza tena, taratibu zaidi, akidhani bibi hasikii. Akajibiwa vilevile. Akaandika. Mudiri, mzee wa Kiarabu wa Wawi mwenye ndevu nyeupe, alipochukua karatasi aliisoma, akaisoma tena, kisha akamuuliza karani kwa upole hicho kijiji cha Kavyawa kiko wapi. Karani akasema nadhani ni karibu na Chokocho. Mudiri akacheka mpaka akavua miwani. Akamweleza kwamba kwa Wapemba kuvyawa ndiko kuzaliwa, na kwamba akikaa na sisi miaka miwili naye atavyaa Kipemba. Hata mama alitabasamu. Nikadhani mambo yatakuwa mepesi.

Waliletewa msahafu, wakaapa mmoja baada ya mwengine. Mudiri akauliza majina, kijiji, mwaka. Kwa mwaka Bi Mize alisema ulikuwa ni ule wa pili tangu msikiti wa Chokocho uezekwe mabati, na Mudiri akapiga hesabu zake kwa vidole. Kisha akauliza, bila ya kuinua kalamu, mtoto huyu ni wa ngapi kwa mama yake.

"Wa kwanza," akasema mama.

"Wa pili," akasema Bi Mize.

Yalitoka karibu kwa pamoja. Mudiri akaiweka kalamu chini.

"Mmoja wenu amekosea," akasema, "na nyote mmeshika msahafu. Siwezi kutia muhuri juu ya maneno mawili."

Nje dirishani palikuwa na mizani, watu wanapima karafuu na kuita uzito kwa sauti. Nakumbuka nilisikia kila tarakimu. Nilimtazama mama. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na maisha yangu yote nimejiita mtoto wa kwanza na wa pekee wa Bi Hidaya. Bi Mize alikuwa anatazama miguu yake. Hakusema tena, na nilihisi kwamba hatasema, hata tukikaa pale mpaka magharibi. Neno lililobaki lilikuwa la mama, na mama alikuwa amelifumba kinywani kwa muda wote nilioishi duniani. Nikaona safari yangu inaondoka bila ya mimi. Na nasema kweli, kwa wakati ule haikunishughulisha. Nilitaka kujua tu.

Mama akajifunika uso kwa ukaya, kisha akaufunua.

"Ni wa pili," akasema. "Wa kwanza aliishi mpaka adhuhuri."

Karani akauliza kama na hilo aliandike. Mudiri akatikisa kichwa. "Andika wa pili. Hayo mengine si ya karatasi."

Muhuri ukapigwa. Tukatoka, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta kungojea lori la kurudi, ambalo halikuja mpaka jua lilipoanza kupoa. Niliwaletea kahawa na kashata, hakuna aliyezigusa. Ndipo mama alipomsemesha Bi Mize, neno la kwanza, ukitoa salamu, kwa miaka ishirini na minne.

"Ulimchukua huyu ukamwacha yule."

Bi Mize hakujitetea haraka. Alianza kusimulia kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Tulizaliwa wawili. Wa kwanza alitoka analia kwa nguvu, akamfunga, akamlaza mkekani. Mimi nilitoka kimya, sina rangi, na mama mwenyewe alikuwa anavuja damu, amekwisha kuzirai. Aliyelia alimwona mzima. Akageukia walio kimya.

"Nilikuwa na mikono miwili tu, Hidaya," akasema. "Nyinyi wawili ndio mliokuwa mnanifia. Yule niliyemwacha nilimwacha kwa kuwa analia. Nilipogeuka, jua limesimama kichwani, naye amekwisha kupoa. Sikujua lipi lililomchukua. Sijui mpaka leo."

Mama alikuwa hajapata kulisikia hilo, kwa kuwa hakuuliza kamwe. Aliyosikia yeye yalikuwa maneno ya majirani. Kisha akachukua kikombe kimoja cha kahawa, ambayo kwa wakati ule ilikwisha kupoa, akakiweka mbele ya Bi Mize. Kikombe cha pili akanywa yeye.

Siku nne za kufunga sanduku

Bi Mize hakuweza kurudi kwao. Punda alikwisha kurudishwa na hapakuwa na gari la kwenda Chokocho. Akabaki kwetu, na ndizo siku nilizofunga sanduku. Naziita siku, ingawa ninapozikumbuka zinakuja kama mchana mmoja mrefu, mlango wazi, majamvi ya karafuu uani yanabadilika rangi kutoka kijani mpaka kahawia, na wanawake wawili wamekaa sakafuni, sanduku la bati katikati.

Chuo kilileta orodha ya vitu vya kuchukua. Niliwasomea kwa Kiswahili. Koti zito, viatu vya mvua, glavu, soksi za sufu jozi sita. Mama aliuliza kwani huko wanakaa ndani ya barafu. Viatu vya mvua tulivipata kwa mwenye duka mmoja wa Chake. Koti halikupatikana Pemba nzima. Ikabidi nimpelekee Fundi Kassim, mshonaji kanzu wa pale Mtambile, picha niliyoikata gazetini. Aliitazama kwa makini sana, akaigeuza nyuma kuona kama mgongo wa koti umechorwa huko. Akashona kwa blanketi la kijivu. Mbele lilifanana na picha. Nyuma, kwa kuwa hakuuona mgongo, alishona kama anavyojua, na likatoka joho la bwana harusi, pana na refu mpaka vifundoni. Nililivaa jua la mchana, mama na Bi Mize wakalizunguka kimyakimya, na nilipowaona wote wawili wameuma ncha za kanga ili wasicheke, nilitoka uani nikawaachia nafasi.

Mwanzoni walikuwa wanasemezana kupitia kwangu. Mama alikuwa akisema, mwambie Bi Mize ubani usikae na nguo nyeupe. Bi Mize naye akisema, mwambie mama yako nguo nyeupe ndizo zinazotaka ubani. Mmoja akifunga, mwengine anafungua. Mambo yalibadilika kwa sababu ya papa. Bi Mize aliagiza kwa mtu wa Chokocho papa mkavu, akamletea kipande kama ubao, naye akataka kikae chini kabisa ya sanduku. Mama alisahau kwamba hawasemezani. Akamgeukia uso kwa uso, akamwambia kwamba mtoto atanuka mbele ya Wazungu. Bi Mize akamwuliza mtoto atakula nini huko. Wakabishana tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mwisho papa akafungwa ndani ya magazeti, na magazeti ndani ya kitambaa cha mpira, akaingia.

Siku ya mwisho nilikuwa nakunja doti za kanga, mama akaja akakaa karibu yangu. Alisema, bila ya mimi kumuuliza, kwamba walimpa jina kabla ya kumzika. Salma. Alilitamka kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga sakafu aliyoiogopa kwa muda mrefu kwamba itavunjika. Kisha akanionesha vipi kanga zikunjwe ili zisipate alama.

Mkoani hadi Unguja

Wote wawili walinisindikiza Mkoani. Meli ilitia nanga mbali na ufuko, tukapelekwa kwa mashua, na sanduku langu likapandishwa kwa kamba. Niliwaona wamesimama pamoja, wamevaa buibui, na kwa umbali ule sikuweza tena kujua yupi ni yupi.

Kwenye meli nilikaa karibu na bibi mmoja wa Kengeja anayekwenda Unguja kutibiwa macho. Alikuwa haoni ila mwanga. Alinishika mkono akaniomba nimwambie ninachokiona. Nikamwambia naona ufuko, minazi, paa la mabati linang'aa. Akasema hilo ni la ghala, sasa tazama kulia kwake, pana mti uliopinda. Nikautazama, ukawepo. Tukaenda hivyo muda mrefu, mimi namtajia, yeye ananisahihisha, kwa kuwa njia hiyo aliisafiri mara nyingi alipokuwa anaona. Pemba ikawa mstari wa kijani, kisha ukungu, kisha hapakuwa na kitu ila maji. Lakini mkono wake bado ulikuwa unasubiri juu ya wangu, na sikuweza kumwambia kwamba nchi imekwisha. Nikaendelea kumtajia. Nikamwambia minazi, nikamwambia nyumba, watu wanaanika nguo. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, anatabasamu. Tulipokaribia Unguja akaniambia nilimtajia vizuri, hasa ile sehemu ya mwisho, ambayo yeye hakuwahi kuiona.

Unguja nilikaa wiki moja. Pasi ilipatikana, kile kiapo kilikubaliwa. Kilichonichelewesha ni maji ya bahari yaliyoingia mashuani Mkoani, yakakiharibu cheti changu cha chanjo ya ndui. Daktari alisema wino haukusomeka, kovu langu la zamani nalo halikumtosha. Nikachanjwa tena. Nikaingia meli kubwa mkono umevimba kama mkate wa boflo, nina homa, na ndiyo maana siku za mwanzo za bahari sizikumbuki kwa mpangilio.

Baharini

Chumba changu kilikuwa na vitanda viwili. Mombasa akapanda mwenzangu, mwalimu wa Uganda, mrefu, mchangamfu, aliyekuwa anakwenda chuo cha mji mwengine. Kiswahili alikijua kidogo, tukawa tunachanganya na Kiingereza. Aliniambia jina lake ni Nakato. Nikalisifu. Akanieleza kwamba kwao jina hilo mtu hachaguliwi tu, huzaliwa nalo, kwa kuwa ni la mtoto wa kike wa pili katika pacha. Nduguye ameolewa, ana watoto wanne. Alisema kwao mama wa pacha hupewa jina la heshima, na watu humwita kwa jina hilo mpaka kufa kwake.

Nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta, mkono unaniwanga. Nikamwambia kwamba na mimi ni wa pili.

"Mwenzako anaitwa nani?" akauliza.

"Salma," nikasema.

Hakuuliza yuko wapi. Labda alilisikia katika sauti yangu. Alisema ni jina zuri, akanifunika shuka. Niliisikiliza mitambo ya meli chini yetu, na nikalia mchana kutwa, kwa utulivu, bila ya uchungu mkubwa, kama mvua ndogo inayonyesha huku jua linawaka. Nilimlilia mtu ambaye nilikaa naye miezi tisa na sikumbuki chochote chake.

Kuhusu chakula, mhudumu wa meli aliniona siigusi nyama siku ya kwanza. Nilikuwa nahofia kwamba haikuchinjwa. Yeye akadhani tumbo linaniuma, akaniletea uji mweupe. Nikaula kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyoniponza, kwa kuwa tangu hapo aliniletea uji asubuhi, mchana na jioni, kila mara akiniuliza kwa huruma naendeleaje. Kiingereza changu cha darasani hakikuwa na maneno ya kumwambia kwamba mimi ni mzima ila sili nyama yake. Tulifika Aden niko kwenye uji bado.

Baada ya Aden joto lilizidi, na papa wa Bi Mize akaanza kujitangaza. Harufu ilitoka chini ya kitanda, ikaingia kwenye ujia kati ya vyumba. Bibi mmoja wa Kizungu alilalamika kwamba kuna panya amekufa ukutani. Mhudumu akaja na wenzake wawili, wakagonga mbao na kuchungulia nyuma ya bomba. Nilisimama kando nimeshika mikono, uso unanichoma. Mwisho Nakato akaniuliza kwa Kiswahili, mwalimu, huyo panya si wako?

Nikafungua sanduku. Mhudumu alimbeba yule papa kwa mikono iliyonyooshwa mbele, tukamfuata mpaka jikoni, nikijua anakwenda kutupwa baharini. Mpishi mkuu alikuwa Mgoa mnene, ana taulo shingoni. Alifunua magazeti, akainama, akanusa, akafumba macho. Akatuuliza nani mwenye mali hii. Nikainua mkono kama mwanafunzi. Akasema mama yake alikuwa akipika hiki kila Jumamosi, na kwamba hakukitia mdomoni kwa miaka tisa. Aliniuliza kama nina nazi. Sina. Basi akampika kwa nyanya, pilipili na ndimu, na wali pembeni, tukala sote watatu, mpishi, Nakato na mimi, tumesimama jikoni, moshi umetuzunguka. Nakato, ambaye kwao ni samaki wa ziwa tu, alikula huku machozi ya pilipili yanamtoka, na akataka tena. Mpishi ndiye aliyemweleza mhudumu habari ya nyama. Uji ukakoma, na kuanzia siku ile nililetewa samaki au mayai.

Mfereji wa Suez tuliungojea siku mbili katika foleni ya meli. Tulipoingia ndani yake, nilisimama sitahani tangu asubuhi. Maji yalikuwa membamba hata usiyaone ukitazama mbele. Ulikuwa unaona mchanga pande zote, na meli kubwa mbele yetu inatembea juu ya mchanga, polepole, haina sauti. Mtu na ngamia wake walikuwa wanakwenda sambamba nasi. Kwa muda mrefu hatukumpita, wala naye hakutupita. Nakumbuka niliacha kujua kama ni sisi tunaokwenda au yeye, au nchi yenyewe.

London, na mji wa chuo

London tulishuka mvua ya rasharasha inanyesha, mbingu imeshuka mpaka juu ya mapaa. Nililivaa koti la Fundi Kassim. Watu waligeuka. Afisa wa forodha alifungua sanduku, akakuta ubani, udi, karafuu, na mfuko wa bizari wa mama, akaita wenzake, kila mmoja akanusa, wakalifunga tena kwa uangalifu zaidi kuliko walivyolifungua. Nakato alinikumbatia akaenda kwenye treni yake. Mimi nikapanda yangu, mbele yangu amekaa bibi mzee anafuma sweta. Aliitazama nguo yangu safari nzima. Tulipokaribia mji wa chuo aliomba ruhusa ya kuushika mshono wa bega, akasema hajapata kuona mkono wa fundi kama ule. Nikamwambia huyo ni fundi wa kwetu.

Bwenini nilipokewa na mwanamke aliyeshika daftari. Alikuwa akiita, Mbarouk, Mbarouk, na mimi nimesimama namsubiri amalize kumtafuta huyo mtu, nikishangaa jina la marehemu baba linaitwa huku. Alipoita mara ya nne nikageuka nyuma kutazama. Hapakuwa na mtu. Ndipo nikafahamu kwamba huku mimi ndiye Mbarouk.

Wiki ile ile niliandika barua nyumbani. Mama hajui kusoma, husomewa na mwalimu wa skuli ya Mtambile, na zamani barua zangu nilikuwa nikizianza kwa kumsalimia yeye peke yake. Safari hii kalamu ilisimama kidogo, kisha nikawasalimia wawili, mama na Bi Mize. Nikaipeleka posta, nikaanza masomo, baridi ikaingia, majani yote yakaanguka.

Jibu lilikuja wiki ya tano. Lilikuwa ni hati ya yule mwalimu wa Mtambile, nzuri mwanzoni, ikiharibika kadiri inavyoteremka. Alieleza kwamba Bi Mize bado yuko kwetu, na kwamba wamekwenda pamoja Chokocho kuzuru kaburi, wakarudi pamoja. Baada ya hapo akaandika kwamba hajui aandike vipi, kwa kuwa wamemkalia pande mbili na wote wanasema kwa wakati mmoja. Mama yako anasema usikoshe kichwa mpaka baridi iishe. Bi Mize anasema usimsikilize mama yako, kosha, lakini upake mafuta ya moto. Mama yako anasema Bi Mize hajui baridi ya Ulaya. Bi Mize anasema na mama yako pia haijui. Ukurasa wa pili wote ulikuwa hivyo, na chini kabisa mwalimu akatia sahihi yake na kuniombea Mungu anipe subira.

Niliisoma nimekaa kitandani, nikacheka mpaka nikaanguka juu ya mto. Mwanafunzi wa chumba cha pili, msichana wa Kiingereza mwenye huruma nyingi, akabisha hodi akachungulia. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nalia, na kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

"Hapana," nikamwambia. "Mama zangu wanagombana."